Huna Mrengo? Hivi Ndivyo Unavyoweza Kumpima Mwaniaji Urais

Hapa Nakuru uchaguzi ukikaribia, swali ni moja ila huja limevaa nguo tofauti. Mteja anayenunua misumari dukani kwangu atauliza, "Mtu wetu unamwonaje?" Mjomba atapiga simu kutoka kijijini: "Huko mmejipanga?" Jirani yeye hazunguki: "Boss, wewe uko upande gani?" Kwetu baba ana kwao na mama ana kwao, na kwao hizo mbili zimekuwa kambi pinzani tangu nichukue kitambulisho. Jibu langu la miaka yote ni "bado naangalia", nalo limenipatia majina. Nimeitwa kigeugeu. Nimeitwa bendera hufuata upepo. Mwaka wa 2010, wakati wa kura ya maamuzi kuhusu katiba, niliitwa tikitimaji: kijani nje, nyekundu ndani, kwa kuwa kijani ilikuwa rangi ya Ndiyo na nyekundu ilikuwa ya La.

Mkereketwa hana haja na mwongozo huu, yeye alishaamua zamani. Ninamwandikia mwenzangu ambaye hana kinara wa kumfia, aliyeolewa au kuoa nje ya kabila lake, anayetoka jamii ndogo ambayo haina "mtu wetu" kwenye karatasi ya kura, au yule kijana aliyeandamana Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha akisema hana kabila, hana chama, hana kiongozi. Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10.

Kabla ya hatua zenyewe, tupige hesabu ya dukani. Mwaka wa 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, kwa hiyo gawanya: tofauti ya washindani wawili ilikuwa kura 5 kwa kituo. Watu watano ni foleni ya kununua chapati. Ukizingatia kwamba mshindi sharti apite nusu ya kura halali, Ruto aliipita nusu hiyo kwa kura kama 69,600, yaani kura moja na nusu kwa kituo. Na waliojiandikisha wasijitokeze walikuwa takriban milioni 7.8, wengi kuliko waliompigia mshindi. Kwa hiyo anayekwambia kwamba asiye na ngome hana kura hajafanya hesabu.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli huna chama

Hii ni ya dakika tano. Katikati ya 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakakuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Ingia kwenye ukurasa wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, tazama jina lako liko wapi, na kama hulitaki huko, jiuzulu hapo hapo. Ukiwa kwenye ukurasa huo kumbuka pia kama umehama mtaa tangu 2022, maana kura yako bado iko kule ulikojiandikishia.

Hatua ya 2: Andika karatasi yako kabla ya wimbo wa kwanza

Kosa kubwa la sisi tusio na mrengo ni kungoja wanasiasa watuambie uchaguzi unahusu nini. Mmoja atasema unahusu mahasla (watu wa chini) na nasaba (familia za watawala), mwingine atasema unahusu ufisadi, na baada ya mwezi mmoja wa nyimbo na helikopta utajikuta unabishana kuhusu mambo ambayo Januari hukuwa unayawaza kabisa. Andika mapema. Chukua kipande cha karatasi, andika mambo matano yanayokunyima usingizi, na kila jambo uliwekee bei au tarehe ili baadaye usijidanganye.

Yangu ya 2022 ilikuwa hivi. Moja, bei ya unga na ya mafuta. Mbili, karo ya binti yangu sekondari. Tatu, dawa za presha za mama, ambazo hospitali ya kaunti huwa nazo mwezi huu na mwezi ujao hazipo. Nne, leseni za duka. Tano, nikifunga duka Agosti nilikute Septemba, na aliyekuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hahitaji kuelezwa hilo linamaanisha nini.

Ukimaliza, weka alama kando ya kila jambo: ni kazi ya rais au ya gavana? Hapa ndipo watu wengi hupimia mtu kwa kipimo kisicho chake. Jedwali la Nne la katiba liligawa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, masoko na leseni za biashara ni za kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa, shule za msingi na sekondari, polisi na sera za uchumi ni za serikali ya kitaifa. Kwenye karatasi yangu, namba tatu na nne zilikuwa za gavana. Mwaniaji urais anayesimama juu ya gari akikuahidi dawa katika zahanati ya kijiji anagawa mali ya mtu mwingine.

Lakini usimwachie apite hivyo. Anachoweza kukuahidi kihalali ni fedha. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mwaka wa fedha wa 2022/23 mgao wao ulikuwa shilingi bilioni 370. Swali la kumuuliza ni je, fedha hizo zitafika kwa wakati, au wauguzi watakaa miezi bila mshahara huku Hazina ya Taifa na magavana wakirushiana lawama? Mwaniaji anayejibu swali hilo kwa kina ni adimu. Ukimpata, mwongezee alama.

Hatua ya 3: Fukua ahadi za zamani uone zilikufia wapi

Usiishie kuuliza kama alitimiza au hakutimiza. Chunguza ni ahadi ya aina gani iliyotimia na ya aina gani iliyooza, kwa sababu hapo utajifunza kitu ambacho kitakufaa kwa mwaniaji yeyote.

Muungano wa NARC uliingia mwisho wa 2002 na ahadi mbili kubwa. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, wiki chache tu baada ya Mwai Kibaki kuapishwa; watoto walifurika madarasani hata wazee wakaja kuandikishwa. Katiba mpya iliyoahidiwa ndani ya siku 100 ilipatikana tarehe 27 Agosti 2010. Serikali ile ile, watu wengi wale wale, lakini ahadi moja ilihitaji amri ya rais na pesa, na ya pili ilihitaji wanasiasa wakubaliane kugawana mamlaka.

Njoo 2013. Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta na Ruto, waliahidi kujifungua bila malipo katika hospitali za umma na kompyuta za watoto wa darasa la kwanza. Ya kwanza ilianza Juni mwaka huo huo. Ya pili ilikwama kwenye zabuni, zabuni ikabatilishwa, mpango ukageuzwa kuwa wa vishikwambi, na vilipoanza kusambazwa 2016 mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014 alikuwa tayari yuko la tatu. Mwaka wa 2022 Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, waliahidi mikopo midogo kwa watu wa chini, na Hazina ya Hasla ikazinduliwa tarehe 30 Novemba mwaka huo, mikopo ikianzia shilingi 500. Ubishi kama shilingi 500 inaweza kuinua biashara ni ubishi wa haki, lakini ilikuja, na ilikuja upesi kwa sababu haikuhitaji kuchimba msingi wala kungoja zabuni ya miaka.

Kanuni yangu, ambayo sikuisoma popote, ni hii: ahadi inayotimizwa kwa waraka huja haraka, ahadi inayopita kwenye zabuni huchelewa au hugeuka sura, na ahadi inayomtaka mkubwa apunguze ukubwa wake huchukua muhula mzima au zaidi. Soma manifesto ukiwa na kalamu na uandike kando ya kila ahadi: waraka, zabuni, au kujinyima. Utashangaa kurasa nyingi zinavyojaa zabuni.

Kama mwaniaji amewahi kuwa waziri au gavana, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Usiogope unene wake. Anza na maoni ya mkaguzi mwanzoni mwa ripoti, ambayo yako ya daraja nne: hesabu safi, hesabu zenye kasoro, hesabu zisizoaminika, na ile mbaya ambapo mkaguzi anasema hakuweza kutoa maoni kwa kuwa hati hazikuonekana. Kisha ruka hadi sehemu ya masuala ya miaka iliyopita ambayo hayajatatuliwa. Kasoro ya mwaka mmoja inaweza kuwa bahati mbaya ya karani. Kasoro ile ile ikirudi mwaka wa tatu na wa nne, huyo aliyekalia kiti aliiona akainyamazia.

Nyongeza ndogo: mtu kuidhinishwa na tume ya uchaguzi, IEBC, kuwania si cheti cha uadilifu. Sheria zetu zinamruhusu mtu aliyehukumiwa kuendelea kugombea hadi rufaa zake zote zimalizike. Sura ya Sita ya katiba, ile ya uongozi na uadilifu, inasomeka vizuri sana, lakini usiitegemee ikuchujie watu. Chuja mwenyewe.

Hatua ya 4: Toa kikokotoo

Hakuna haja ya shahada ya uchumi. Kuzidisha na kugawa kunatosha. Mfano mzuri ni ule wa 2022, ambapo Azimio, muungano wa Raila, waliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni 2. Zidisha: 6,000 mara milioni 2 ni bilioni 12 kwa mwezi, mara miezi 12 ni bilioni 144 kwa mwaka. Je, ni nyingi? Bajeti nzima ya mwaka huo ilikuwa kama trilioni 3.3, kwa hiyo ni shilingi nne na ushee katika kila mia. Ukiilinganisha na mgao wa kaunti zote 47, ni karibu shilingi mbili katika kila tano. Haikuwa ahadi ya kichaa wala haikuwa ya kubebwa kwenye kiganja. Ilihitaji mtu aseme wazi ni wapi patakatwa bilioni 144, au ni nani atakamuliwa kodi.

Upande wa pili uliahidi nyumba za bei nafuu. Mimi nilisikia "nyumba" nikafikiria saruji na mabati nitakayouza, na sikuuliza ni nani angelipia. Jibu lilikuja na Sheria ya Fedha ya 2023: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ikaibatilisha tozo hiyo Novemba 2023, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Unaweza kuiunga mkono au kuipinga, ila kosa langu lilikuwa kufurahia nyumba bila kuuliza bei ya mlango. Sasa kila ahadi naiandikia maneno mawili pembeni, "nani analipa", na mwaniaji anayejibu "tutaziba mianya ya ufisadi" namwekea sifuri. Wote husema hivyo, na mwanya hauna risiti.

Hatua ya 5: Msikilize wakati hazungumzi na wewe

Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kwa hiyo kila mwaniaji hulazimika kutoka kwenye ngome yake kwenda kubembeleza ugenini. Ugenini kila mtu ni mpole. Atavishwa kofia ya wazee, atasema neno moja la lugha ya wenyeji kwa lafudhi mbaya, watu watacheka, atapigiwa makofi.

Wewe mtafute akiwa nyumbani. Stesheni za redio za lugha za mama ndizo darubini yako. Anasema nini saa moja asubuhi kwa watu wake, anapodhani kwamba wewe unasikiliza stesheni nyingine? Kama huielewi lugha hiyo, una rafiki, una mke, una mteja. Mwombe akutafsirie dakika kumi tu. Mimi katika miaka yangu ya "bado naangalia" nimewahi kubadilisha mawazo kwa sababu ya redio mara mbili: mara moja kwa mtu aliyezungumza Kiswahili cha umoja Nairobi na lugha ya "wageni" kwao, na mara moja, kwa mshangao wangu, kwa mtu ambaye mitandao ilimchora kama mchochezi kumbe kwao alikuwa akiwakemea vijana wake waache vurugu.

Hatua ya 6: Tazama walioketi naye mezani

Karatasi ya kura ina jina la mgombea mwenza, na wengi hawalitazami mara mbili. Tumelipia. Tulimchagua Ruto na Rigathi Gachagua kama kifurushi kimoja mwaka wa 2022, na kufikia Oktoba 2024 Bunge lilikuwa limemtimua naibu huyo, Seneti ikathibitisha, na Kithure Kindiki akaapishwa Novemba 1. Jiulize swali baya: rais akifariki au akiondolewa, huyu mwenzake akishika usukani nitalala usingizi? Katiba inampa naibu muda wote uliobaki.

Kisha tafuta mkataba wa muungano. Wakenya husoma manifesto na kusahau mkataba, ilhali mkataba ndio unaotimizwa. Ule wa Kenya Kwanza ulivipa vyama vya Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula asilimia 30 ya serikali, mmoja akiahidiwa kiti kipya cha Mkuu wa Mawaziri na mwingine uspika wa Bunge la Taifa. Miezi michache baada ya kura wote walikuwa kwenye viti vyao. Hakuna kamati ya kuchunguza gharama iliyohitajika. Kwa hiyo ukitaka kujua serikali itakavyokuwa, soma nani ameandikiwa nini, halafu rudi kwenye karatasi yako uone kama kuna yeyote kati ya hao anayejali bei yako ya unga.

Angalia pia nani analipia helikopta. Sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013 lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 ulipita bila vikwazo vyake kutumika, maana wabunge wenyewe hawakuvitaka. Kwa hiyo hutapewa orodha. Hesabu tu helikopta kwa macho, na uwaulize waliomuunga mkono ghafla walikuwa wanafanya biashara gani na serikali.

Hatua ya 7: Amewahi kushindwa vipi?

Hiki ndicho kipimo ninachokipa alama nyingi kuliko vyote, na ndicho ambacho wakereketwa hawataki kukisikia. Kila mtu anajua kushinda. Kushindwa ndiko kunakoonyesha duka langu litakuwa na milango au halitakuwa nayo.

Rekodi ipo. Desemba 2002 Uhuru Kenyatta, chaguo la Rais Moi aliyekuwa anaondoka, alikubali kushindwa na Kibaki, na nchi ikalala salama. Novemba 2005 Kibaki alishindwa kwenye kura ya maamuzi, Chungwa, alama ya La, likaigaragaza Ndizi ya Ndiyo, akakubali matokeo, kisha siku mbili baada ya kura akalivunja baraza zima la mawaziri. Alikubali kwa mdomo na kulipiza kwa kalamu. Mwaka wa 2010 Ruto aliongoza upande wa La, akashindwa, akakubali. Raila alipinga matokeo ya 2013 kwenye Mahakama ya Juu, akashindwa, akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Mwaka wa 2017 alirudi huko huko na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakabatilisha uchaguzi. Akajiondoa kwenye marudio ya Oktoba, na Januari 2018 akala kiapo cha "rais wa wananchi" pale Uhuru Park. Machi wakasalimiana na Uhuru Kenyatta, na hadi Raila anafariki Oktoba 2025 watu walikuwa bado wanabishana kama salamu zile zilituokoa au zilituuza.

Husomi haya ili umtafute malaika. Mtu mmoja anaweza kushindwa vizuri mwaka huu na vibaya mwaka ule. Unachotafuta ni mwelekeo: anaenda mahakamani au anaenda barabarani kwanza? Anawaambia nini vijana usiku ule kabla ya matokeo kutangazwa? Na kwa aliye madarakani, swali linageuka: amri ya mahakama inapomkata, huitii, huizunguka, au huitupa?

Kwa mwaniaji mpya asiye na historia hiyo, tazama alivyoshindwa kwenye mchujo wa chama chake. Waliohamia chama kingine usiku uleule nawakata alama mbili.

Hatua ya 8: Midahalo na kura za maoni, kwa dozi ndogo

Mdahalo ni mzuri kwa jambo moja: kuona mtu akiulizwa swali asilolipanga. Usitegemee zaidi ya hapo. Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila akasimama peke yake. Julai 2022 Raila hakutokea, Ruto akasimama peke yake. Kiti kitupu nacho ni jibu, kwa hiyo kiandike kwenye karatasi yako. Kumbuka pia kwamba kung'ara kwenye televisheni hakujawahi kuhamisha kura nyingi. Midahalo ya 2013 ilimfanya Mohamed Abduba Dida, mwalimu ambaye wengi hatukumjua, kuwa gumzo la kila kibanda cha kahawa, na bado alipata kura kama 53,000 tu.

Kuhusu kura za maoni, tazama mstari ambao magazeti huuweka chini kabisa: wasioamua na waliokataa kujibu. Kama mstari huo ni mnene kuliko pengo la wawili wa juu, utafiti huo haujakwambia lolote kuhusu nani anaongoza. Mwaka wa 2022 tafiti nyingi za mwisho zilimweka Raila mbele. Sheria inakataza kuchapisha matokeo mapya siku tano za mwisho, kwa hiyo "utafiti" unaozunguka WhatsApp Jumapili usiku umetengenezwa na mtu kwenye simu yake.

Hatua ya 9: Wiki tatu za mwisho, funga karatasi

Julai 20, 2022, siku 20 kabla ya kura, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili iliyofika shilingi 205 ingeuzwa shilingi 100. Foleni zikaanza, rafu zikawa tupu, na baada ya uchaguzi ruzuku ikaisha. Katika karatasi yangu jambo namba moja lilikuwa bei ya unga, na nakiri kwamba wiki ile mkono ulinitetemeka. Tangu hapo nina sheria: lolote linaloanza ndani ya siku 30 za mwisho, barabara iliyomwagwa kokoto, bei iliyoshuka, fidia iliyokumbukwa ghafla, haliingii kwenye hesabu. Pokea unga, ule, halafu jaza alama zako kwa yaliyotangulia.

Hatua ya 10: Yule wa tatu, na siku yenyewe

Wengi wetu hufika mwisho tukiwa hatuwataki wote wawili wakubwa. Hapo kuna mambo matatu ya kufanya, na hayalingani hata kidogo.

Kubaki nyumbani kunaziachia zile kura tano za kituo chako kwa jirani. Kuharibu karatasi kwa hasira ni kazi bure: Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi kwenye jumla ya kutafuta nusu. Mwaka wa 2022 zilikuwa zaidi ya 113,000 na hazikumpunguzia mtu hata sehemu ya asilimia. Lakini kura ya mwaniaji wa tatu ni halali, inaingia kwenye jumla, na inakipandisha kizingiti. George Wajackoyah na David Mwaure kwa pamoja walipata kura 93,956. Kama takriban elfu 70 kati ya wale waliompigia mshindi bila moyo wangewapa wao, hakuna ambaye angepita nusu, na katiba ingetuleta kwenye duru ya pili ndani ya siku 30, ambapo wakubwa wawili wangekuja kutubembeleza upya tukiwa na karatasi zetu mkononi. Kwa hiyo "unapoteza kura" ni kauli ya mtu anayeogopa duru ya pili. Ila kuwa mkweli kwa nafsi yako: kama unaona kabisa kwamba mmoja wa wakubwa atakuletea hatari na mwingine atakuudhi tu, chagua wa kukuudhi.

Siku yenyewe utapewa karatasi sita. Ya rais weka alama moja tu, ndani ya kisanduku kimoja, usiandike maoni wala jina lako, na uangalie rangi ya mfuniko wa sanduku kabla ya kuitumbukiza. Jioni, kama mtaa wako ni salama, rudi kituoni. Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, hubandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Piga picha iliyo wazi, namba zote zionekane, kisha ulinganishe na ile itakayowekwa kwenye tovuti ya IEBC, kama tulivyoweza kufanya 2022. Zikitofautiana una ushahidi, na zikilingana nenda ukalale.

Mjomba akipiga simu kuuliza kama tulijipanga, mwambie foleni ilikuwa ndefu.